Nikeli ya Kundi la Kwanza

Kichupa kilikuwa cha dawa ya macho, kimeoshwa vizuri, na ndani yake mlikuwa na kile kitu kilichomuua mwalimu Odilo Mtweve akiwa ubaoni, chaki mkononi, mbele ya darasa la sita. Daktari aliyempasua alikifunga kwa plasta, akaandika juu yake kwa kalamu: "Hiki ni chenu. Tuambieni."

Wa kuambia ni mimi. Naitwa Gaudensia Mgaya, mpanga-fazi mkuu wa Karakana ya Mapigo hapa Mlangali, na huo ukuu usikutishe, kwa sababu tumebaki wawili tu, mimi na mlinzi. Kazi yetu ni vali za moyo. Kila vali ina majani matatu ya metali, membamba kuliko ukucha wa mtoto mchanga, yanayofunguka na kufunga mara laki moja kwa siku bila kulalamika. La Odilo moja lilikatika katikati. Alikuwa na miaka hamsini na miwili.

Nikaliweka jani chini ya hadubini. Loo! Niliinuka, nikaenda kunawa mikono, nikarudi, nikatazama tena, utadhani maji yangebadilisha kitu.

Metali ikipoa haiwi kitu kimoja, hata kama kwa macho inaonekana hivyo. Ndani inajigawa vipande vipande, kila aina ya kipande na mchanganyiko wake wa nikeli na titani, na hizo aina ndizo tunaziita fazi. Kuna fazi laini, inayopinda na kurudi. Kuna nyingine ni kigae cha chungu kitupu: ukipinda, kwaheri. Maisha yangu yote kazini nimelipwa kuhakikisha hiyo ya pili haipo. Kwenye jani la Odilo ilikuwapo, tena imejaa tele, mistari ya kijivu huku na huku, na ufa ulikuwa umefuata mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo.

Sasa ngoja niseme mapema, maana nikichelewa nitaanza kujitetea. Mimi nilikuwapo siku lile jani lilipopangwa, na niliona.

Ni miaka minane. Kundi la kwanza, vali arobaini na moja. Aliyekuwa anaongoza ni Mzee Otmar Haule, mwalimu wangu, mtu wa ukoo wa wafua chuma wa Kipangwa. Babu zake walikuwa na mwiko: siku ya kuyeyusha hakuna kubishana. Ukimpinga mwenzio mbele ya tanuri, chuma kinanuna. Sisi tanuri letu lilikuwa la umeme, na pembeni kulikuwa na Kikokotozi, mashine inayopiga hesabu za joto na kujua kila fazi itakaa vipi, lakini mwiko tuliubeba mzima mzima. Siku ya kupanga, mmoja anasoma karatasi ya mizani, mmoja anaandika kwenye Dirisha, wengine midomo imefungwa. Dirisha ndilo jina tulilokipa kiolesura. Unaandika unataka kila fazi iwe na nini, Kikokotozi kinatafuta njia, tanuri linatii.

Siku hiyo nilisoma mimi, akaandika yeye.

weka fazi: laini
nikeli: 0.558
kipimo:

Kipimo alikiacha wazi, ndivyo tulivyozoea. Miaka yote ukikiacha wazi, Kikokotozi kilielewa unazungumzia uzito. Ila wiki ile kilikuwa kimewekewa toleo jipya, na chini kabisa ya Dirisha vikatokea viherufi vya rangi ya majivu: kipimo hakikuandikwa, nachukua idadi ya atomu.

Tofauti yake ni hii. Chukua maparachichi kumi na mayai kumi. Kwa kuhesabu ni nusu kwa nusu. Kwa mizani maparachichi yanazidi. Atomu ya nikeli ndiyo parachichi. Ile 0.558 ya mizani, ukihesabu atomu ni 0.507 tu. Kwa hiyo tukawa tumeamuru fazi laini ijazwe nikeli kupita kiasi, na nikeli haitoki hewani. Ilichotwa pembeni, na kule ilikochotwa ndiko kulikobaki ile mistari ya kijivu.

Niliviona vile viherufi. Nikafungua mdomo, nikakumbuka mwiko, nikaufunga. Nikajiambia nitamwambia jioni. Jioni kulikuwa na nyama ya mbuzi na hotuba. Majaribio nayo yakapita yote, maana mistari ilikuwa bado myembamba mno kuonekana. Ni miaka ya kupigapiga iliyoinenepesha. Nikajiambia, Gau, wewe nani bwana, Mzee anajua anachofanya. Nimejiambia hivyo miaka minane. Mjinga mkubwa mimi.

*

Mzee Otmar alistaafu, siku hizi anagema ulanzi, pombe ya mianzi. Nilimkuta mchana ule ule kwenye mianzi yake nyuma ya nyumba, kisu mkononi, anakata kidogo ncha ya mwanzi mchanga ili utomvu uendelee kutiririka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Mbona umekuja na sura ya msiba?"

"Ni msiba. Mwalimu Odilo."

"Nilikuwapo mazikoni. Pole yake, na pole yetu."

Nikamnyooshea picha ya hadubini. Akaendelea na mwanzi wake. Miwani ilikuwa mfukoni mwa shati, hata hakuigusa.

"Mzee, tazama."

"Naijua hiyo."

"Unaijuaje na hujaitazama?"

Akakichomeka kisu kwenye mwanzi, akafuta mikono kwenye suruali taratibu, mkono mmoja, halafu wa pili. "Nilirudia hesabu," akasema. "Miezi miwili baada ya kupanga. Nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa, nikaona kipimo hakikuandikwa. Vali zote zilikuwa zimeshaingia vifuani. Leokadia alikuwa na siku kumi tangu apasuliwe."

Mama Leokadia ni mke wake. Vali yake ni ya kundi lile lile, namba ishirini na tatu. Mzee mwenyewe ndiye aliyemwandikisha, kwa fahari kabisa.

Lazima ujue kwamba dawa ilikuwapo. Kila mwenye vali yetu ana kibao cha kuweka kifuani. Kila asubuhi saa moja, wakati wa chai, anakiweka, kinatuletea mapigo yake. Kwa kibao hicho hicho tunaweza kulipasha jani moto kidogo kidogo na kuzipanga fazi upya bila kumpasua mtu. Tatizo, jani likiwa linapangwa linalegea. Kwa sekunde arobaini vali inabaki wazi, damu inakwenda na kurudi ovyo. Mwenye nguvu anasikia kizunguzungu. Mdhaifu, moyo unaweza kusimama na usikubali kuanza tena.

"Nikasema apate nguvu kwanza," Mzee akaendelea. "Akapata. Nikasema tumalize mavuno. Tukamaliza. Halafu, Gau, mwaka ukishapita unaanzia wapi? Unamwambia nini mtu?"

Nilitaka kumfokea. Haki ya Mungu, nilitaka kumtukana mzee wa watu kwenye mianzi yake. Lakini kila neno lililonijia lilikuwa linanihusu na mimi, nikalimeza.

"Sasa tufanyeje?"

"Nimeshafikiri." Alisogea karibu, akashusha sauti. "Kesho saa moja, tuma kwa wote. Usimwambie mtu. Watakuwa wamekaa, wanakunywa chai, watasikia kizunguzungu, basi. Wapone bila kujua waliumwa. Ila Leokadia mruke. Ana miaka sabini na minne, hatarudi."

"Na kama mmoja wa wale wengine asiporudi?"

"Kwa hesabu ni mmoja, pengine hata huyo hayupo. Ukiwaambia, wangapi watakataa? Wangapi watasema wiki ijayo, baada ya Krismasi, baada ya harusi ya binti yangu? Watakatika mmoja mmoja. Piga hesabu mwenyewe, wewe si mtoto. Huo ukweli wako utaua wangapi?"

Nilipiga. Nilikwenda nyumbani nikapiga kwenye daftari, nikapiga kwenye Kikokotozi, na kila mara alikuwa sahihi. Tukinyamaza, huenda akafa mmoja. Tukisema, huenda wakafa watano, sita, kwa woga na kuahirisha. Lakini huyo mmoja, jamani. Huyo mmoja angeinua kikombe akidhani ni Alhamisi kama Alhamisi nyingine, na hakuna aliyemuuliza kitu. Nilijaribu kumfikiria akiwa hana jina, nikashindwa, kwa sababu nawajua wote kwa majina.

*

Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu, nilikuwa mbele ya Dirisha. Nimeshaandika.

weka fazi: laini
nikeli: 0.507
kipimo: atomu
kwa: kundi la kwanza, isipokuwa 23

Kilichobaki ni kubonyeza. Sikuwa nimeamua kitu, nataka uelewe hilo. Nilikuwa nimeandika tu, na nilijua kabisa kwamba saa moja ikifika kidole kingeamua kwa niaba yangu.

"Hodi."

Nikaruka. Mama Leokadia alikuwa mlangoni, koti la marehemu kaka yake begani, kikapu mkononi, anahema.

"Mama! Umekujaje?"

"Kwa miguu, nimekujaje? Usinishike mkono, sijafa bado. Nipe kiti." Akakaa, akashusha pumzi mara tatu. "Juzi yenu mmekaa kwenye mianzi mnanong'ona..."

"Ilikuwa jana, mama."

"Jana hiyo. Nilikuwa nyuma ya jiko nachambua maharage. Ninyi mnadhani uzee ni uziwi." Akainua kidevu kuelekea Dirisha. "Soma hapo. Ishirini na tatu ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Ahaa. Mimi ndiye isipokuwa." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Na hawa wengine wamekubali?"

"Hawajui."

"Hata mimi sikujua. Miaka minane nampikia mwanamume anayejua." Akanikazia macho. "Na wewe ulijua lini?"

Ningeweza kusema jana. Kichupa kilikuja jana, daktari shahidi, hakuna ambaye angenikatalia. Nilihisi uongo umeshakaa ulimini, umejipanga vizuri kabisa.

"Niliona siku ile ile tulipopanga," nikasema. "Mzee akiandika. Nikanyamaza."

Akaniondolea macho, akavuta kikapu chake karibu. Bora angenizaba kofi.

"Mama, tukiwaambia wataogopa," nikaanza.

"Waogope! Si mioyo yao?"

"Wengine watakataa. Watakufa."

"Na hilo nalo ni lao. Wewe na Otmar mmekuwa mkiwaamulia miaka minane, na Odilo yuko wapi?" Akatoa kibao chake kwenye kikapu, akakigeuza geuza. "Hiki si kila siku kinaniambia asante, chai njema? Kinaweza kusema maneno mengine?"

"Kinaweza kupitisha sauti yangu. Na zao zinaweza kurudi huku."

"Basi nifungulie kwa wote."

Saa moja kamili mistari ilianza kutokea kwenye skrini ya ukutani, mmoja mmoja, mapigo ya watu wanaokunywa chai Ludewa, Makete, Songea. Nikafungua sauti. Wakati huo huo Mzee Otmar aliingia mbio, amevaa ndala mguu mmoja na kiatu mguu mwingine.

"Leokadia, twende nyumbani. Tafadhali mke wangu, twende."

"Kaa chini, Otmar."

Akakaa. Sijawahi kumwona akitii hivyo.

"Hamjambo," Mama Leokadia akasema, akiwa amekikaribia kipaza sauti mno, kama wazee wanavyofanya. "Mimi ni Leokadia Haule wa Mlangali. Nina vali kama ninyi, ya ishirini na tatu. Vali zetu zina kasoro. Aliyekosea ni mume wangu. Akajua, akanyamaza ili mimi nisiguswe. Huyu binti, Gaudensia, aliona tangu siku ya kwanza, naye akanyamaza. Hiyo kasoro ndiyo iliyomuua mwalimu Odilo." Akapumzika. "Kuna dawa. Dawa yenyewe inaweza kuua, hasa mtu kama mimi. Vali inakaa wazi sekunde arobaini, halafu inafunga, na moyo unarudi au haurudi. Ningeweza kukaa nayo hivi hivi nife nayo. Lakini mmeachiwa kasoro yenu miaka minane kwa ajili yangu, na mimi nimeila hiyo miaka. Kwa hiyo naanza mimi, na ninyi sikilizeni. Nikirudi, kila mtu aamue mwenyewe. Nisiporudi, pia aamue mwenyewe."

Karakana ilijaa sauti. Mtu mmoja alitulaani, mimi na Mzee, kwa majina yetu na ya mama zetu. Mwingine alikuwa analia. Sauti ya msichana mdogo, namba thelathini na nane, ikauliza: "Bibi, itauma?"

"Sijui, mjukuu wangu. Nitakuambia."

Akaweka kibao kifuani, akafunga vifungo vya koti juu yake. Mimi nikafuta mstari wa mwisho, nikaandika: kwa: 23. Mzee Otmar akanishika kifundo cha mkono. Mikono yake ilikuwa inanuka ulanzi.

"Binti, nakuomba. Nimekulea kazini. Nakuomba."

"Mzee, niachie mkono."

"Ataondoka, Gau."

"Ameshaamua. Niachie."

Aliuachia yeye mwenyewe, sikumnyang'anya. Nikasoma namba kwa sauti, nikasoma kipimo kwa sauti, nikabonyeza.

Kwanza hakukuwa na tofauti. Kisha lile dundo safi likageuka likawa mchururiko, maji yakimiminwa kutoka ndoo moja kwenda nyingine, na watu thelathini na tisa wakausikia mchururiko huo vifuani mwao. Sekunde ya kumi na tano mkono wake ulianguka kutoka mapajani. Sekunde ya ishirini na nane mchururiko uliisha. Mzee Otmar alipiga magoti akamshika miguu. Nilihesabu kwa sauti, maana nilijua wote wanahesabu. Thelathini na tano. Arobaini. Jani likafunga, Dirisha likaandika kwamba fazi imekaa mahali pake, kazi imekamilika, na kifuani kwa Mama Leokadia kulikuwa kimya.

Nikamlaza chini, nikaanza kumbonyeza kifua. Sikuwa nahesabu tena. Kibao kilikuwa kinaniumiza viganja na nilikuwa nasema nisamehe mama, nisamehe mama, na wao wote wanasikia.

Pigo moja. Halafu hakuna. Halafu mawili, halafu yakaanza kufuatana.

Alipofungua macho alitazama dari muda mrefu. Aliniashiria nimsogezee kipaza sauti.

"Mjukuu wangu," akasema, sauti ndogo. "Haiumi. Unasikia kizunguzungu na ladha ya chuma mdomoni, basi. Kinachouma ni huyu dada, amenibonyeza mbavu."

Msichana alicheka huku analia. Mzee Otmar alijaribu kumwinua mkewe kichwa, naye akamwondoa mkono, bila hasira, jinsi unavyoondoa jani lililodondokea nguo.

Wakaanza kujibu. Namba tisa, nakubali, niko tayari sasa hivi. Namba thelathini, naomba nizungumze na mke wangu kwanza. Namba nne, hapana, na msinipigie tena, nitakwenda kwa daktari wangu mwenyewe. Namba kumi na mbili, nakubali lakini mama Leokadia asikate sauti, nataka awepo. Nilikuwa naandika, mmoja mmoja, na kila aliyekataa nilimwandika kwa herufi zile zile na aliyekubali.

Kisha ikaja sauti ya mwanamke ambayo sikuitambua.

"Hapa ni kumi na saba."

Nikatazama ukutani. Kumi na saba ilikuwa imewaka, lakini haikuwa na mapigo, mstari mtupu. Kumi na saba ilikuwa ya Odilo. Hakuna mtu aliyekumbuka kwenda kukichukua kibao chake.

"Mimi ni mkewe," sauti ikasema. "Huwa nakiweka hapa mezani saa moja, penye kikombe chake. Basi tu, ni mazoea. Nimesikia yote." Tulimsikia akivuta pumzi. "Naomba niulize jambo moja."

"Uliza, mama," nikasema.

"Kwa hiyo ilikuwa ni hizo sekunde arobaini tu?"

Mama Leokadia alikuwa ananitazama kutoka sakafuni.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni hizo tu."